Utii na Dhamiri: Habari za Jaribio la New Haven

Msomaji, fikiri kwamba umeona tangazo katika gazeti. Tangazo lasema kuwa chuo kikuu mashuhuri kinahitaji watu wa kusaidia katika uchunguzi juu ya kumbukumbu na kujifunza, na kwamba kila atakayefika atapewa ujira kwa saa moja ya kazi. Hutakiwi cheti wala ujuzi maalumu. Je, ungeona ubaya gani katika jambo hili? Nadhani hungeona ubaya wo wote. Wanaume wa mji wa New Haven, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, walioliona tangazo la namna hiyo mwaka 1961, nao hawakuona ubaya. Walikuwa makarani wa posta, walimu, wauzaji wa bidhaa, mainjinia na vibarua, wenye umri wa miaka 20 mpaka 50. Walikwenda Chuo Kikuu cha Yale kwa moyo mweupe, kila mmoja akiahidiwa dola 4 za ujira na senti 50 za nauli. Baadhi yao walitoka mle wakitetemeka.

Nataka kukusimulia yaliyowapata, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jaribio lile lilitufundisha jambo zito juu ya tabia ya binadamu. Ya pili, nayo ndiyo kubwa katika insha hii, ni kwamba lilizusha swali ambalo halijafa hata leo: mtu mwenye elimu ana haki gani juu ya mtu anayemchungua?

Yafaa tuanze nyuma kidogo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, dunia iligundua kwamba katika kambi za mateso za Ujerumani hata madaktari, watu walioapa kuponya, walikuwa wamewatumia wafungwa kama vyombo vya majaribio. Wengine walitumbukizwa katika maji ya barafu, wengine waliambukizwa maradhi kwa makusudi. Tarehe 9 Desemba 1946 kesi ya madaktari hao ilifunguliwa katika mji wa Nuremberg. Washitakiwa walikuwa 23. Hukumu ilipotolewa Agosti 1947, 16 walionekana na hatia, na 7 kati yao wakanyongwa mwaka uliofuata. Lakini mahakimu hawakutosheka na kuadhibu tu. Waliandika kanuni kumi za kuongoza majaribio yote yafanywayo juu ya binadamu. Kanuni ya kwanza yasema kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa jaribio ni sharti lisiloweza kuachwa. Kanuni ya tisa yasema kwamba mtu huyo awe huru kuliacha jaribio wakati aonapo kwamba hawezi kuendelea. Ziweke kanuni hizi mbili moyoni, msomaji, maana tutazirudia.

Miaka kumi na minne baadaye, Aprili 1961, Adolf Eichmann alisimamishwa kizimbani Jerusalem. Yeye alikuwa ofisa aliyepanga safari za treni zilizowapeleka Wayahudi kwenye vifo vyao. Utetezi wake ulikuwa mmoja: alitii amri za wakubwa wake. Dunia nzima ilikuwa ikiisikiliza kesi hiyo, na watu waliulizana: je, Eichmann ni mnyama wa peke yake, au ni mtu kama sisi?

Kati ya walioulizana alikuwamo mwalimu kijana wa Yale jina lake Stanley Milgram. Alizaliwa New York mwaka 1933, na wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya. Alikuwa mtaalamu wa elimu ya nafsi, ambayo siku hizi twaiita saikolojia. Aliona kwamba swali lile haliwezi kujibiwa kwa maneno matupu. Lazima watu wa kawaida wawekwe mahali ambapo mkubwa anawaamuru kumtesa mtu asiye na kosa, kisha itazamwe watafanya nini. Lakini utawawekaje watu mahali kama hapo bila mtu kuteswa kweli? Milgram alipata jibu: kwa hila.

Hila yenyewe ilikuwa hivi. Mtu aliyejibu tangazo alipofika, alimkuta mwanamume wa miaka 47, mnene kidogo, mpole wa uso, akaambiwa kwamba huyo naye amekuja kwa tangazo. Kwa kweli alikuwa mhasibu aliyefundishwa kuigiza. Msimamizi, aliyevaa koti la kijivu na kusema kwa sauti kavu, alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari. Watu wawili walipigiwa kura nani awe mwalimu na nani awe mwanafunzi, lakini vikaratasi vyote viwili viliandikwa neno lile lile, “mwalimu”. Hivyo mgeni daima alikuwa mwalimu. Yule mwingine alifungwa kwa mikanda katika kiti kwenye chumba cha pili, na nyaya za umeme zikaunganishwa na mkono wake.

Mwalimu alikalishwa mbele ya mashini yenye swichi 30 zilizopangwa safu moja. Ya kwanza iliandikwa volti 15, na ya mwisho volti 450. Chini ya swichi palikuwa na maneno ya kueleza ukali, kuanzia mshtuko mwepesi mpaka onyo la hatari, na mwishoni kabisa hapakuwa na maneno tena ila alama za X tatu. Ili asadiki kwamba mashini ni ya kweli, mwalimu alionjeshwa volti 45. Kisha aliamriwa kumsomea mwanafunzi jozi za maneno na kumwuliza. Kila mwanafunzi alipokosa, ampige umeme, na kila kosa jipya apande swichi moja.

Kwa hakika hapakuwa na umeme wo wote uliomfikia mwanafunzi. Lakini mwalimu hakulijua hilo. Katika jaribio la kwanza alilolitangaza Milgram, mwanafunzi alinyamaza mpaka volti 300, hapo akapiga ukuta kwa nguvu. Akapiga tena baada ya volti 315, kisha hakusikika tena. Katika majaribio mengine yaliyofuata, sauti iliyonaswa kabla ilitoka chumba cha pili ikilalamika, na ilipofika volti 150 ikaomba kufunguliwa. Katika baadhi yake ilisema kwamba moyo wake ni mgonjwa.

Mwalimu alipositasita na kumgeukia msimamizi, hakutishwa wala hakupigwa. Msimamizi alimwambia tu aendelee. Akisita tena, aliambiwa kwamba jaribio lataka aendelee. Mara ya tatu, kwamba ni lazima kabisa aendelee. Mara ya nne, kwamba hana hiari nyingine, lazima aendelee. Akikataa baada ya maneno hayo manne, jaribio lilikomeshwa.

Kabla ya matokeo kujulikana, madaktari wa magonjwa ya akili waliulizwa wakadirie. Walisema kwamba huenda mtu mmoja tu katika elfu angefika mwisho wa mashini. Yaliyotokea ni haya: kati ya wanaume 40 wa jaribio lile la kwanza, hakuna hata mmoja aliyekoma kabla ya volti 300. Wanaume 26 walifika volti 450. Waliokataa njiani walikuwa 14.

Lakini usidhani kwamba wale 26 walifurahia. Walitoka jasho, waligugumia, waliuma midomo, walijikwaruza kwa kucha zao wenyewe. Wanaume 14 walishikwa na kicheko cha ajabu, si cha furaha bali cha dhiki. Watatu walipatwa na mtikisiko wa mwili wasioweza kuuzuia. Walimwomba msimamizi akomeshe jambo lile, na huku vidole vyao vyaendelea kubonyeza swichi. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Watu hawa waliuona uchungu wa mkuki hata wakiwa wenye kuuchoma, na hata hivyo waliuchoma.

Milgram hakuishia hapo. Mpaka Mei 1962 alikwisha jaribu watu wapatao 780 kwa namna mbalimbali. Mwanafunzi alipowekwa chumba kimoja na mwalimu, waliofika mwisho walipungua hata 16 katika 40. Mwalimu alipotakiwa kuushika mkono wa mwanafunzi na kuukandamiza juu ya bamba la umeme, walikuwa 12. Na walipowekwa walimu watatu pamoja, wawili kati yao wakiwa waigizaji waliokataa mbele ya macho ya yule wa tatu, waliofika mwisho walikuwa 4 tu katika 40. Tazama, msomaji, nguvu ya mfano mwema: watu wawili wakisema hapana, wa tatu hupata ulimi.

Haya ni maarifa makubwa. Yatufundisha kwamba uovu wa umma hauhitaji watu waovu wengi. Wahitaji mkubwa mmoja mwenye sauti ya utulivu, na wengi wasiojua namna ya kukataa. Mimi ni mwalimu wa walimu, na kila mwaka nawasimulia wanafunzi wangu habari hii, kwa maana wao nao watavaa vazi la mamlaka mbele ya watoto.

Sasa tugeuze upande wa pili wa sarafu. Milgram alitangaza matokeo yake mwaka 1963. Mwaka uliofuata mtaalamu mwenzake, Diana Baumrind, alimshutumu hadharani. Hoja yake ilikuwa hii: mtu ajaye katika chumba cha mtafiti huja kwa imani, naye hujiweka mikononi mwake kama mgonjwa ajiwekavyo mikononi mwa daktari. Kumdanganya mtu huyo, kumwaibisha, na kumfanya ajue kwamba yeye aweza kumtesa mwenzake kwa amri tu, ni kumjeruhi heshima yake. Maelezo machache baada ya saa moja hayatoshi kuponya jeraha hilo. Na tena, mtu huyo atamwamini mtaalamu gani siku nyingine?

Milgram alijibu. Alisema kwamba hakutazamia watu wataabike kiasi kile. Alisema kwamba baada ya jaribio waliambiwa kuwa mwanafunzi hakuumia, wakapatanishwa naye uso kwa uso. Baadaye waliandikiwa barua ya maswali, na katika waliojibu, 84 katika kila 100 walisema wamefurahi kushiriki. Waliojuta hawakufika wawili katika kila 100. Mwaka mmoja baada ya jaribio, daktari wa akili aliwaona watu 40 kati yao, asione madhara ya kudumu. Milgram aliongeza kwamba wengine walishukuru kujifunza juu ya nafsi zao jambo ambalo wasingelijua.

Majibu hayo si mepesi, na haifai kuyadharau. Lakini miaka ilipopita, karatasi na kanda za sauti zilizohifadhiwa Yale zilifunguliwa na kusomwa. Mwandishi wa Australia, Gina Perry, katika kitabu alichokitoa mwaka 2012, alionyesha kwamba wengi hawakuambiwa ukweli wote siku ile ile. Walionyeshwa kwamba mwanafunzi yu mzima, lakini hawakuelezwa kwamba umeme haukuwako. Taarifa kamili iliwafikia kwa posta miezi kadhaa baadaye. Fikiri, basi, juu ya mtu aliyelala usiku mwingi akiamini kwamba alimpiga umeme mtu asiye na kosa mpaka akanyamaza.

Tupime pamoja. Mtu akichukua baiskeli yako bila ruhusa, akairudisha jioni ikiwa safi na yenye mafuta, huenda ukamshukuru. Lakini shukrani yako ya jioni haiwi ruhusa ya asubuhi. Vivyo hivyo, furaha ya wale 84 katika 100 haiwezi kuitwa ridhaa, maana waliridhia uchunguzi wa kumbukumbu, si uchunguzi wa dhamiri. Tena mtu aliyekwisha taabika hupenda kuamini kwamba taabu yake ilikuwa na faida.

Kumbuka sasa kanuni ya tisa ya Nuremberg. Yasema mtu awe huru kuacha. Ni kweli kwamba washiriki wa New Haven waliambiwa mwanzoni kwamba fedha ni zao hata jambo lo lote litokee. Lakini walipotaka kuacha, waliambiwa kwamba hawana hiari. Hapo ndipo naona ajabu ya jambo zima. Mtu aliyetaka kujua kwa nini watu huwatesa wengine kwa kuwa mkubwa ameamuru, yeye mwenyewe aliwatesa watu kwa kuwa elimu imeamuru. Naye hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na swali jema na nia njema. Kwa sababu hiyo nia njema ya mtafiti haitoshi peke yake kuwa kinga ya anayechunguzwa.

Milgram hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, walitangaza jinsi walivyomfundisha mtoto mchanga woga. Kila alipomgusa panya mweupe, walipiga nyundo juu ya chuma nyuma ya kichwa chake. Mtoto akaanza kulia kwa kumwona panya tu, kisha akamwogopa sungura, mbwa na hata koti la manyoya. Aliondoka hospitali bila kuondolewa woga huo. Mtoto mchanga hawezi kutoa ridhaa, wala hawezi kusema basi. Na mwezi wa Agosti 1971, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Philip Zimbardo aliwagawa vijana wawe walinzi na wafungwa katika gereza la kuigiza. Jaribio lilikusudiwa kwenda wiki mbili. Lilikatizwa baada ya siku 6 kwa ukatili wa walinzi na taabu ya wafungwa, na aliyelipinga kwa nguvu alikuwa mtafiti kijana, Christina Maslach, aliyefika na kuyaona kwa macho yake.

Sheria zilikuja polepole, kama kawaida ya sheria. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari cha Dunia kilitoa azimio lake katika mji wa Helsinki. Mwaka 1972 Wamarekani walipata habari ya aibu kutoka Tuskegee, Alabama. Tangu mwaka 1932 wanaume weusi wapatao 600 walikuwa wakichunguzwa juu ya ugonjwa wa kaswende, na wale waliokuwa wagonjwa, 399, hawakutibiwa hata baada ya dawa ya penisilini kupatikana. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda watu wanaochunguzwa, na mwaka 1979 tume iliyoundwa na sheria hiyo ilitoa Taarifa ya Belmont yenye misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtendea mema na kumwepusha na madhara, na kugawa kwa haki faida na mizigo ya utafiti. Hapa kwetu Kenya, sheria ya mwaka 2013 yataka mtafiti awe na leseni kabla ya kuanza kazi yake.

Wako waliolalamika kwamba masharti haya yataua elimu. Haikuwa hivyo. Mtaalamu mmoja wa California, Jerry Burger, alilirudia jaribio la New Haven na kutangaza matokeo yake mwaka 2009. Aliwachuja kwanza watu wasio na nguvu ya kustahimili, akawaambia zaidi ya mara moja kwamba waweza kuondoka na fedha zao, akawakomesha penye volti 150, na mara ile ile akawafunulia ukweli. Katika kila 100, watu 70 walikuwa tayari kuvuka hapo. Somo la utii lilipatikana, wala hakuna aliyefikishwa kwenye swichi ya mwisho.

Msomaji, nisikuhubirie kana kwamba mimi ni msafi. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu, nikifanya mazoezi ya kufundisha, nilitaka kuandika taarifa ya kupendeza juu ya bidii. Niliwaambia nusu ya darasa, kwa uwongo, kwamba alama zao ni mbaya, ili nione kama watajitahidi zaidi. Baada ya juma moja niliwaambia ukweli, tukacheka sote. Lakini alikuwako msichana mmoja ambaye alama zake halisi zilikuwa za pili darasani. Kabla ya uwongo wangu alikuwa akiinua mkono kila swali. Baada yake, mpaka siku niliyoondoka, aliandika majibu yake kwa penseli, hafifu, tayari kuyafuta. Taarifa yangu ilisifiwa. Sikuandika ndani yake habari za penseli ile, na hakuna aliyeniuliza kama niliomba ruhusa ya mtu ye yote.

Kwa hiyo nakupa nasaha mbili. Siku utakapoombwa kushiriki katika uchunguzi wa wataalamu, usikatae kwa woga, kwa maana elimu hujengwa na watu wanaokubali. Lakini uliza: uchunguzi huu ni wa nini? Waweza kunidhuru vipi? Naweza kuacha nitakapo? Nani aliyeupa idhini? Maneno yangu yatatunzwa wapi? Na ikiwa hujafikia umri wa utu uzima, waulizwe pia wazazi wako. Mtafiti wa kweli hatachukizwa na maswali hayo.

Na siku utakapokuwa wewe ndiwe mtafiti, au mwalimu, au mkubwa wa kazi, kumbuka kwamba aliye mbele yako alikuja kwa imani. Mwambie kweli kadiri iwezekanavyo, na akisema basi, iwe basi. Wakumbuke wale wanaume 14 wa New Haven. Walijua tu kwamba mtu wa chumba cha pili anaumia, nao wakainuka kitini. Elimu yetu yote iwe ya namna ambayo mtu kama hao aweza kuisaidia bila kulazimika kuinuka.